Njia Sita Kwenda kwa Bibi

Jumatatu, 10 Novemba

Sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: nataka Mama ashindwe.

Basi, nimeandika. Shuleni tunafundishwa hesabu kwa Kifaransa na adabu kwa Kiarabu. Jambo hili ni baya kwa lugha zote mbili.

Sababu ninayo. Mama ni mhandisi wa barabara hapa mjini Kef. Ipo programu ya kompyuta: unailisha hali ya barabara na idadi ya magari, nayo inakwambia ipi itengenezwe kwanza na fedha ziende wapi. Miaka yote walimu wa kuifundisha wametoka Ulaya. Sasa kanda yetu inataka walimu wake yenyewe. Alhamisi, Mama na Mhandisi Hatem watafundisha somo la majaribio mbele ya wahandisi wa Mali, Mauritania na Algeria. Mshindi ndiye mwalimu wa kanda. Atazunguka! Leo Nouakchott, kesho Bamako.

Baba naye alikwenda Lyon kwa muda mfupi. Muda mfupi huo haujaisha mpaka leo.

Kwa hiyo namuunga mkono Hatem. Mtu anayejipulizia marashi mpaka nzi wanabisha hodi. Mungu anisamehe.

Jumanne, 11 Novemba

Hila ya kwanza. Nimeficha waya wa projekta ndani ya chungu cha kupikia kuskusi kwa mvuke. Nani atautafuta humo?

Bibi! Bibi Mbarka, mama yake Mama, amekuja kutoka kijijini Ain Sefsaf kutupikia wiki hii. Kafunua chungu, kapiga yowe: nyoka! Kaupiga waya mwiko mpaka ukakatika. Mama kaja mbio, kaona, kacheka hadi kakaa sakafuni. Kasema bila shaka ni yeye aliyeusahau humo, kichwa chake siku hizi kimejaa lami. Kajilaumu yeye! Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha kafanya mazoezi bila projekta. Kamwaga unga wa kuskusi kwenye sinia, kachora barabara za mkoa kwa kidole, katufundisha mimi na Bibi. Bibi kaelewa yote, kaamuru barabara yake iwe ya kwanza. Mama kamwambia, "Yako ya mwisho, mama. Inapita gari la maziwa na kondoo." Bibi kamnyima chai.

Hata mimi nimeelewa. Anafundisha vizuri mno. Hatari.

Jumatano, 12 Novemba

Hila ya pili. Mama kaenda kuswali, kaacha kompyuta wazi juu ya meza ya jikoni. Barabara ya Ain Sefsaf: magari arobaini kwa siku. Nikaongeza sifuri. Nikaongeza nyingine, ya akiba. Magari elfu nne kwenye barabara inayoishia chemchemi! Kesho atachekwa na nchi nne, yetu ikiwamo.

Baadaye kaja kunifunika blanketi. Nikajifanya nimelala. Mikono yake ilinukia unga.

Alhamisi, 13 Novemba

Niliombewa ruhusa shuleni nikagawe chai na vitafunio vya makrudh ya tende kwenye somo la majaribio. Hatem katangulia. Picha nyingi ukutani, Kifaransa kirefu. Mmali mmoja kaanza kukoroma kwa heshima.

Zamu ya Mama. Projekta ya kuazima. Kabonyeza. Ukutani ikatokea barabara muhimu kuliko zote mkoani: Ain Sefsaf! Upana wa njia sita! Katikati ya mizeituni ya Bibi!

Mama katazama ukuta. Kisha kanitazama mimi. Nikaanza kuhesabu makrudh kwenye sinia yangu.

Hatem akawahi kusimama. Akasifu matokeo, akasema programu haidanganyi, njia sita ni sawa kabisa, na taa pia ziwekwe. Mama akamuuliza kwa upole magari yote hayo yanakwenda wapi.

"Mashariki," kasema Hatem.

Mama akamjulisha kwamba mashariki kuna chemchemi moja na punda wawili. Ukumbi mzima ukacheka. Akawageukia wahandisi wanafunzi wake: uongo umejificha humu, utafuteni. Loo! Waliinamia kompyuta wakigombana kama watu wa sokoni, Kiarabu, Kifaransa, Kibambara. Mhandisi Vatma wa Mauritania ndiye aliyezikamata sifuri zangu, akapiga vigelegele. Msimamizi wa majaribio akatangaza hajawahi kuona mwalimu mwenye ujasiri wa kutega kosa ndani ya somo lake mwenyewe. Akamteua palepale.

Nimemfaulisha. Mimi!

Ijumaa, 14 Novemba

Mama kaja chumbani, kakaa ukingoni mwa kitanda. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema humu ndani yupo mtu mmoja anayekwepa macho yake tangu juzi, naye si Bibi. Kaniuliza kwa nini.

Nikajibu neno moja tu: Lyon.

Mama akanishika kisogo kama nilipokuwa mdogo. Akasema safari ya kwanza ni Jumapili, Nouakchott, wiki moja, na kwamba yeye na Baba ni barabara mbili tofauti: ya kwake ina kurudi. Nikaomba msamaha kwa Kiarabu, kisha kwa Kifaransa, ajue nina hakika. Kalala kitandani kwangu na miguu yake ya barafu. Sikulalamika.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimebadilika. Hila basi! Mtu wa miaka kumi na tano hana budi kukua. Nimempigia Mama pasi nguo zote za safari, nimemsifu mbele ya Bibi.

Pasipoti yake imo ndani ya foronya yangu. Sijaiba. Inapumzika. Kesho atahangaika kuitafuta, mimi ndiye nitakayeiona, nitakumbatiwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kukumbatiwa Kef. Ndege ikiwa imeshaondoka, hayo ni ya ndege.

Kandambili ukumbini. Ni Mama. Anamuuliza Bibi kama ameiona pas... Bibi anasema niulizwe mimi. Yuko mlangoni! Karatasi hii chini ya godo