Mwenyekiti Hachinjwi

Jumatatu, tarehe 12 Januari

Leo asubuhi, huku akichambua maharagwe, Mama ametangaza kwamba Jumapili tutamla Mwenyekiti. Hata hakunitazama. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Mwenyekiti ni sungura wangu. Nilipewa na Zainah, rafiki yangu wa shule, tulipomaliza mtihani wa mwisho na familia yake ikarudi Mbarara. Nilimpa jina hilo kwa sababu anakaa tu, hajibu mtu, na wengine wanamletea chakula. Ni dume. Nilimchunguza mwenyewe, vizuri.

Sababu ya hukumu: Jumapili wakwe wanakuja kushika lango, yaani kutueleza rasmi kwamba wameona nyumba yetu ina binti. Binti mwenyewe ni dada yangu Diane. Mwanamume ni Jean-de-Dieu, fundi wa simu huko Mbarara, anayenukia sabuni hata siku za kazi. Mama anasema wakwe hawashiki lango kwa maharagwe. Lazima nyama ionekane. Kuku wetu waliisha Desemba kwa ugonjwa wa kideri. Amebaki mwenye masikio.

Nikasema Mwenyekiti ni rafiki. Mama akasema kwa rafiki, amenenepa mno. Ni kweli. Ana tumbo kama la mwenye duka. Ni kosa langu, namlisha majani ya viazi kama mtoto wa pekee.

Baba aliulizwa maoni yake. Maoni yake ni kwamba kisu ni butu.

Jumanne, tarehe 13 Januari

Mpango wa kwanza: ugonjwa. Hakuna anayewapa wakwe mnyama mgonjwa.

Nilimpaka Mwenyekiti majivu puani, akapiga chafya vizuri sana. Nikamfunga kitambaa kichwani. Nikamwita Mama, nikamweleza kwa sauti ya mwalimu wa biolojia kwamba huu ni ugonjwa mbaya wa mapafu. Mama alimtazama kwa huruma. Nikafurahi. Kisha akasema mnyama mgonjwa huchinjwa kabla hajafa, kwa hiyo tusingoje Jumapili, na Diane akalete kisu.

Nikasema amepona. Mama akauliza amepona kwa dawa gani. Nikasema kwa maombi.

Bella alisikia yote, kwa sababu Bella husikia yote. Ni jirani yetu hapa Misiera, kijiji chetu katika kambi ya Nakivale, rika langu, na akinong'ona wanamsikia hadi sokoni. Alisimama mlangoni akauliza: “We Alida, mgonjwa gani huyu ana shingo nene kuliko baba yako?” Kisha akasema Mwenyekiti anatembea kama mama mwenye nyumba. Dharau tupu.

Bella naye ana sungura, anaitwa Jenerali. Mwezi uliopita nilimpeleka Mwenyekiti kwao ili wanaume hao wawili wafahamiane. Hawakufahamiana. Walipigana papo hapo, Jenerali akampanda Mwenyekiti mgongoni, na Bella akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha katika vita. Tangu siku hiyo sijampeleka tena.

Jumatano, tarehe 14 Januari

Mpango wa pili: kumficha Mbarara kwa Zainah mpaka wakwe washike lango lao na kuondoka.

Nilimwambia Mama naenda kumsalimia Zainah. Si uongo. Mwenyekiti nilimweka ndani ya kikapu, nikamfunika kwa majani ya viazi. Kabla hatujafika mbali alikuwa amekula kifuniko chote, masikio yako nje, na abiria mmoja ananieleza jinsi ya kumkausha kwa moshi.

Hotuba yangu niliiandaa njiani kote. Ningesema: Mama, naomba utufichie huyu kwa siku chache, usimchinje, ni rafiki. Maneno machache tu. Mama yake Zainah akafungua mlango, akachungulia kikapuni, akaweka mkono kifuani. Akasema wasichana wa Nakivale wamelelewa, hawaji mikono mitupu. Akaniita mwanangu. Akaniombea mume mwema.

Nikasema: “Karibu.”

Ndilo neno pekee lililotoka. Sijui kwa nini kinywa changu kiko hivi.

Basi pilau ikaanza kuandaliwa. Vitunguu vikakatwa. Zainah alitumwa kununua iliki, akaniacha na mama yake, ambaye aliendelea kunishukuru. Kilichongojewa ni baba yake tu, arudi kutoka dukani achinje. Nikaomba ruhusa ya kumnyoosha mgeni miguu. Tukatoka hadi uani. Kutoka uani hadi langoni. Kutoka langoni hadi stendi ya taksi, bila kugeuka nyuma.

Ndani ya taksi ndipo nilipoona nimevaa ndala za mama yake Zainah.

Jioni Zainah alituma ujumbe. Mama yake anauliza kama nimepotea, kama ndala zinanitosha, na pilau wafanye nini nayo.

Alhamisi, tarehe 15 Januari

Mwenyekiti hali chakula. Amejificha kwenye kona ya banda, ananyonyoa manyoya ya tumbo lake na kuyarundika juu ya majani makavu. Ni huzuni. Amejua. Niliwahi kusikia kwamba wajane wengine hujinyonyoa nywele, lakini kuona kwa macho ni kitu kingine. Nilikaa naye asubuhi nzima, nikamwambia nampigania.

Bella alipita akasema nimpe sanduku lenye majani laini. Sipokei ushauri wa mtu aliyecheka vitani.

Kisu kimenolewa. Baba alikijaribu kwa kukata jani la mgomba. Likakatika bila kelele.

Baada ya chakula Baba alisimulia habari ya ng'ombe wa babu. Huisimulia kila juma, nami kila juma huosha sahani huku nikiwaza mengine. Leo sahani zilikuwa chache, kwa hiyo nikasikia. Babu, huko Makamba tulikotoka kabla ya kukimbilia huku, alipewa ng'ombe na rafiki yake mbele ya watu. Ng'ombe wa kupewa namna hiyo si nyama. Haguswi na kisu wala haendi sokoni bila aliyemtoa kukubali. Anayempokea na anayemtoa wanakuwa kama ndugu, na vizazi vyao pia.

Niliacha sahani.

Nikamuuliza Baba kama ni lazima awe ng'ombe. Baba akasema wakati wa shida watu walipeana hata mbuzi, hata jembe, la maana ni heshima. Akaendelea kidogo kuhusu ndama na kurudisha, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka nje kumpasha Mwenyekiti habari.

Ijumaa, tarehe 16 Januari

Mpango wa tatu. Huu hauna kasoro. Nitamtoa Mwenyekiti kama ng'ombe, mbele ya watu, kwa Bibi Fébronie.

Bibi Fébronie anakaa nyuma yetu. Anashika mila kiasi kwamba akikusalimu lazima aulize ng'ombe zako wameamkaje, na usipojibu kwamba wameamka salama anakasirika. Pia hana meno. Nimefikiria kila upande.

Kesho sala ya jumuiya ni kwake. Mwishoni kuna matangazo. Nitasimama wakati wa matangazo.

Nimefanya mazoezi mbele ya jerikeni. Limenisikiliza vizuri. Mara ya pili Diane alinikuta, akauliza nampa jerikeni ng'ombe gani. Nikasema ni mchezo wa kuigiza. Diane ana homa ya wakwe, hakuuliza zaidi. Amejaribu vitenge vyote vya nyumba hii, pamoja na pazia.

Jumamosi, tarehe 17 Januari

Imefanyika.

Rozari ilikuwa ndefu. Matangazo yakaanza: usafi wa kanisa, kwaya, mtu amepoteza sufuria. Kiongozi akauliza kama kuna mwingine. Miguu yangu ikasimama bila mimi. Watu wote wakanigeukia, kwa sababu kwenye jumuiya hii hakuna aliyewahi kusikia sauti yangu isipokuwa kwenye Amina.

Hotuba yote ikapotea. Nikanyoosha kikapu kwa Bibi Fébronie na kusema: “Bibi, nakupa ng'ombe.”

Masikio yakatokeza.

Walicheka. Bella alicheka mpaka akapoteza rozari yake. Mama hakucheka, aliangalia kikapu kama mtu anayeona chakula chake cha Jumapili kikiondoka kwa miguu. Bibi Fébronie naye hakucheka. Aliinuka kwa fimbo yake, polepole, na kicheko kikafa chenyewe. Akamgeukia Baba. “Pontien, ng'ombe huyu ametoka kwako, au ametoka kwa mtoto?”

Hilo sikulifikiria. Binti hatoi ng'ombe. Mwenye boma ndiye hutoa.

Baba alikitazama kikapu. Akamtazama Mama, Mama akatikisa kichwa mara moja, kidogo. Kisha Baba akatazama watu wote wanaomngoja aseme. Tangu tufike Nakivale hakuna aliyewahi kumuuliza Baba kuhusu ng'ombe wake. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati. Akasema: “Ametoka kwangu.”

Halafu akazungumza. Alizungumza kama mtu aliyeacha malisho yaliyojaa ng'ombe kuanzia kilima hiki hadi kile. Alisifu pembe za Mwenyekiti. Alisifu maziwa yake. Bibi Fébronie akapiga makofi ya kupokea, taratibu, akilia kidogo, akasema hakutegemea kupewa ng'ombe tena kabla ya kufa.

Mwenyekiti amelala kwa Bibi Fébronie. Mimi nimefinywa na Mama njiani, mkono wa kushoto. Inafaa.

Jumapili, tarehe 18 Januari

Wakwe walikuja wote wamenyooshwa pasi. Walipewa dagaa kwa sombe ya majani ya muhogo. Mama aliweka sahani mezani huku akinitazama mimi, si sahani.

Msemaji wao alikuwa mzee mrefu mwenye maneno marefu zaidi. Alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba wanatafuta ua kwenye bustani hii, na Baba anajifanya hajui bustani gani, mlango ukafunguka. Bibi Fébronie. Alikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi, kwa sababu aliyepewa ng'ombe huja kushukuru. Akamwondoa Jean-de-Dieu kwenye kiti chake, akakaa yeye.

Akatangaza kwamba ng'ombe wa Pontien amezaa usiku. Saba.

Msemaji akauliza kwa adabu kama ni ng'ombe mmoja aliyezaa hao wote. Bibi akasema mmoja.

Nilikuwa nimebeba maji ya kunawa. Nililowesha viatu vya Jean-de-Dieu. Amezaa? Mwenyekiti? Nilimchunguza mwenyewe.

Ilibidi Baba aeleze yote: kikapu, jumuiya, heshima. Nikangoja wakwe waondoke na hasira zao. Diane alikuwa ameuma kitenge. Nilifikiri: nimeokoa sungura, nimeua ndoa ya dada yangu. Lakini msemaji aliweka kijiko chini akasema kwao hawajaona nyumba kama hii. Kama hapa sungura hupewa heshima ya ng'ombe, basi binti atakuwa amelelewa namna gani. Akaomba dagaa zaidi. Lango likashikwa. Harusi baada ya Pasaka.

Mama anazungumza nami kupitia Diane. Mwambie huyo alete chumvi. Mimi niko hapo hapo, nimeishika chumvi.

Jioni Bella alikuja kudai haki ya baba wa watoto. Anasema Jenerali ni mkwe wetu na hajaletewa hata pombe. Mbele ya watu ananiita mkwe. Kumbe alijua tangu mwezi uliopita. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia nitafute sanduku.

Jumatano, tarehe 21 Januari

Leo nimejua ile sehemu ya hadithi ya Baba niliyoikosa nilipotoka nje. Ng'ombe wa kupewa akizaa, aliyempokea hurudisha ndama.

Bibi Fébronie alikuja na sanduku kichwani. Anasema walizaliwa usiku mmoja, kwa hiyo ni ndama mmoja, na anamrudisha mzima. Na kwa kuwa ndama anayenyonya hatenganishwi na mama yake, Mwenyekiti naye akae kwetu mpaka wakue. Na kwa kuwa Mwenyekiti ni ng'ombe wake, atakuwa anakuja kila asubuhi kuona kama tunamlisha. Amekuja leo mara mbili.

Baba alimpokea kwa hotuba.

Mama aliinama juu ya sanduku. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alizungumza nami moja kwa moja. Alisema Mwenyekiti hachinjwi, sawa, ameelewa, ni wa Bibi. Lakini ndama ni wetu. Alisema harusi ni baada ya Pasaka, watakuwa wamefikia kimo kizuri. Alisema saba ni idadi nzuri kwa meza ya wakwe. Tangu mwaka huu uanze sijamwona akitabasamu hivyo.

Kisu kimerudi kwenye jiwe la kunolea.

Sikulala mchana. Nimefikiri. Kosa langu nimeliona: nilitoa mmoja tu. Kila mmoja wa hawa saba atapata mpokeaji wake, mbele ya watu, wakati wa matangazo. Kiongozi wa kwaya. Yule aliyepoteza sufuria. Mama yake Zainah, pamoja na ndala zake. Hata Bella, ili anyamaze. Jerikeni limeshasikia hotuba ya kwanza.

Na safari hii hakuna atakayenirudishia ndama. Nimewachunguza mmoja mmoja, kwenye mwanga, vizuri. Wote ni madume.