Korongo la Théo

Jumatatu, 4 Novemba
Théo amekuja kwenye mazoezi ya kwaya na pikipiki mpya! Mwenzangu wa sauti ya besi, mtu asiyeweza hata kuufuata wimbo. Anasema ni baraka za Mungu. Mimi nasema ni dhahabu. Mara kwa mara anapotelea milimani, ng'ambo ya Bukama, anarudi na udongo mwekundu kwenye buti.
Nimemnywesha bia binamu yake. Ni Mmetodisti, lakini alikunywa. Akanitajia korongo lenyewe analochimba Théo. Siri ni yangu!

Jumatano, 6 Novemba
Kuchimba kunataka mgongo. Wangu ni dhaifu. Nimemchagua Kabeya, mdogo wa mke wangu Tshala, fundi baiskeli pale sokoni. Hakutaka. Alisema mvua imeanza, milima inateleza. Nikamwambia mwoga hufa na njaa. Akakubali kwa heshima tu, maana mimi ni shemeji mkubwa.
Tshala alifoka: «Weye utaniulia ndugu!» Wanawake! Alipokwenda kuteka maji nikachukua beseni lake la mihogo. Litafaa kusafishia mchanga wa dhahabu.

Jumapili, 10 Novemba
Milimani. Treni, mtumbwi, kisha miguu. Mawe makali, nyasi zinakata. Kabeya kabeba sururu, unga wa kusongea bukari, ugali wetu, na beseni. Mimi nimebeba mpango.
Mchana niliona kitu cha manjano kinang'aa. Nikapiga kelele, nikamkumbatia Kabeya, nikaimba! Nikakigonga, maana dhahabu ya kweli haivunjiki, hukaa bapa. Kikawa unga mweusi. Kabeya alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Jumanne, 12 Novemba
Théo yuko hapa! Shimo lake liko chini kidogo ya letu. Amekuja kutusalimu, mnafiki. «Yaya Maurice,» akaniambia, eti mimi kaka yake mkubwa, «udongo ya hapa haina nguvu. Mutoke mbele ya mvua kurudia.»
Nikaelewa papo hapo. Anajua dhahabu iko chini ya miguu yetu!
Nimemwamuru Kabeya azidi kuchimba, aingie ndani zaidi. Aliomba kwanza tukate miti ya kushikilia ukuta. Nikasema miti kesho, dhahabu leo.

Jumatano, 13 Novemba
Ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi Kabeya alisimama mdomoni mwa shimo, akanitazama. Nikamwambia ingia. Akaingia.
Mlima ukashuka. Kishindo kimoja, kama gunia likidondoka. 
Nilichimba kwa beseni. Likapasuka. Nikachimba kwa mikono nikimwita. Théo na watu wake waliacha shimo lao, wakaja mbio. Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia haukuwa mguu tena.
Wakambeba kwa shuka mpaka njiani. Théo akamfunga mgongoni mwake kwa kitenge, akawasha pikipiki aliyoiacha hapo. Mimi sikupata nafasi. Nilirudi mpaka mtoni kwa miguu, nikilia.
Na sasa Théo ameliona shimo langu mpaka ndani!

Jumatatu, 18 Novemba
Kamina, nyumbani. Wamekata mguu, juu ya goti. Tshala amechukua watoto, amekwenda kwa mama yake. Mlangoni aliniuliza neno moja tu: «Njo ile ulitaka?» Yaani, hiki ndicho nilichokitaka?
Leo nimekwenda hospitali. Nilimkuta Théo akimlisha Kabeya uji kwa kijiko, kama mama. Anajipendekeza. Nilingoja aondoke.
Nikakaa kitandani. Shuka limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa. Nililia tena, kweli nililia. Kabeya aliuliza kama baiskeli za watu bado ziko salama kibandani kwake.
Halafu wazo likanijia. Kule milimani tulikosa mlinzi! Mtu wa kukaa tu, kutazama vitu. Na mwenye mguu mmoja hawezi kutoroka na dhahabu ya wenzake. Nikamweleza Kabeya taratibu, kwa upole: mvua zikiisha tunarudi, safari hii atabebwa.
Akageukia ukutani.
Hakukataa.