Mimi na Mimi Hatujagongana

Mheshimiwa Hakimu wa Mirathi,

Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa kwa umri ilikuwa zamu yako kuniamkia.

Mimi ndiye yule msimamizi wa mali ya marehemu kaka yangu, uliyeniondoa juzi kwa kosa la "mgongano wa maslahi". Kaka alimwachia binti yake kibanda cha ushonaji na cherehani ndani, nikakabidhiwa mimi nimtunzie mpaka akue. Sasa kakua, anataka kushona. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgongano haukutokea. Ili vitu vigongane, sharti vitoke pande mbili. Maslahi yangu na ya binti yalikuwa yakienda upande mmoja, yangu yakitangulia kidogo kumwonyesha njia.

2. Mnasema nilijiuzia kibanda. Kweli, lakini umewahi kuona biashara tulivu namna ile? Muuzaji mimi, mnunuzi mimi. Nilijiomba nipunguze, nikakataa. Nikajibembeleza, nikajionea huruma. Hatukurushiana hata neno! Soko zima lilikuja kujifunza. Mtu baki angempunja mtoto wa watu, mimi ni damu yake.

3. Binti kaniambia mbele ya karani wako, "Baba mdogo, ulipewa ushike, si ushikilie." Karani akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Hiyo ni adabu? Kwangu mimi, niliyeacha shule mapema kwa sababu walimu waliishiwa maswali!

4. Eti msimamizi asifaidi. Hata anayeonja mchuzi humeza, Mheshimiwa. Nashauri sheria ibadilishwe: kila yatima apewe msimamizi mwenye njaa, maana mwenye njaa ndiye haondoi macho kwenye sahani.

Kwa hiyo naomba unirudishie usimamizi. Binti aendelee kushona kwa mkono pale kibarazani kwa jirani, siku ambazo mvua hainyeshi. Ujana ni kuvumilia.

Nisalimie karani (akishamaliza kucheka), askari wa mlangoni, na yule mama wa mihuri.

Ni mimi, mlinzi wa yatima asiyelala,
Baba Mdogo

Tanbihi: Ufunguo wa kibanda nilimwachia mwanangu anishikie. Mshenzi kajiuzia cherehani, bei kajipangia mwenyewe, na bado anataka nimshukuru! Tuma askari leo hii. Mtu uliyemwamini anawezaje kujiuzia mali aliyopewa kulinda? Mgongano gani mwingine mnausubiri?