Raba za Pikapu ya Baba

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya barafu tangu alfajiri. Nje mvua, ndani ya pikapu mvua zaidi. Tilda kafika kwa daktari kalowa upande mmoja, kama andazi lililochovywa kwenye chai. Daktari katazama sikio, kisha kanitazama mimi. Sikio la kushoto tena! La upande wa mlango. Kauliza kwa upole kama mtoto huwa namleta kwa mashua. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kosa ni la raba za milango, ile mipira myeusi inayozunguka fremu kuzuia maji na upepo. Zina miaka thelathini na minne. Zimenizidi umri kwa miaka saba, lakini kwa uchovu tuko sawa.

Jioni Arlo kaitisha kikao. Mume wangu akiitisha kikao huvua kofia. Kasema pikapu ya marehemu baba yangu anaipenda, ila mtoto anampenda zaidi. (Mimi je, nampenda kwa mkopo?) Hukumu: Jumatano ijayo, kabla hajaenda msituni kwa msimu wa kuwinda kulungu, ataimwagia maji. Tone moja likiingia ndani, pikapu inakwenda kwa dada yake Britta, na Britta anatupa kile kigari chake cha kijivu. Wameshapanga! Britta anaitaka ya kubebea pikipiki yake ya theluji. Pikapu ambayo baba alinifundishia kuendesha nikiwa nimekalia katalogi mbili ili nione barabara. Ambayo hadi leo ukifunga vioo inanuka tumbaku yake na mbwa wake.

Nimesema raba nitabadilisha mwenyewe. Arlo kauliza nimewahi kubadilisha raba? Nikamwuliza yeye amewahi kuzaa? Kikao kikafungwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Kifurushi kimefika! Raba mbili, kopo la gundi, na karatasi ya maelekezo, ambayo Tilda kaila nusu ya chini. Nusu ya juu inahusu kunawa mikono. Basi nimenawa.

Nimeanza kazi alipolala mchana. Kuvuta raba za zamani: dakika tano. Kubandua gundi yake: saa mbili, na bado. Inang'ang'ania kama mgeni wa sikukuu. Nimetumia kisu cha siagi kutoka seti ya harusi, zawadi ya mama mkwe. Kisu sasa kina umbo la ndoano. Nimekirudisha kwenye droo, chini kabisa ya vijiko, na kukiombea.

Ndani ya mfereji wa mlango, pale raba inapokaa, nimekuta penseli bapa ya useremala. Ya baba. Miaka minane aliitafuta, akimshuku kila mtu aliyekanyaga karakana, mchungaji akiwemo. Nikakaa kwenye kizingiti cha gari kidogo. Kidogo tu. Tilda kaamka.

Raba mpya nitaziweka kesho. Siku moja bila raba itaharibu nini?

Ijumaa, 8 Novemba

Theluji. Nje inchi saba. Ndani ya pikapu inchi tatu. Nimeizoa kwa koleo dogo la mchanga, mali ya Tilda, mwenyewe kasimama juu yangu akiniamuru, "Mama, chimba." Msimamizi hodari. Hana chembe ya huruma.

Raba mpya ngumu kama fimbo. Nikiikunja kwenye kona, inakunjuka na kunichapa kidevu. Tatu kwa bila, raba inaongoza. Hapo ndipo Britta kapita na gari lake jipya, milango inajifungua yenyewe kama ya supamaketi. Kashusha kioo inchi mbili, joto lisimtoroke.

"Wifi, hiyo ni raba au unapigana na nyoka?"

Nikasema tunafahamiana kwanza. Kasema kigari cha kijivu kina kiti cha kupasha joto, Tilda atakipenda. Kasema ameshakipiga na vakyumu, hakina vumbi. Ameshakipiga na vakyumu!

Nimefikiri sana wakati namenya viazi vya pasti, ile mikate ya kuoka yenye nyama na viazi ndani. Raba ikiwa ngumu, dawa yake ni joto. Na katika ukoo huu joto lina nyumba yake, pale uani, yenye bomba lake la moshi. Na kesho ni Jumamosi. Sauna, bafu la mvuke! Hivi kwa nini watu hunidharau?

Jumamosi, 9 Novemba

Kwa kawaida sauna huwashwa saa tisa. Ukoo huoga kuanzia saa kumi na moja, mama mkwe wa kwanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu babu zao walipokuja kuchimba shaba, na hakuna anayeuliza. Mimi nimewasha saa tano asubuhi. Raba nimezilaza benchi la juu, penye moto zaidi, kama wageni wa heshima.

Baada ya saa moja, laini kama tambi! Nimetoka nazo mbio, Arlo yuko dirishani na mtoto mkononi, wote wawili wakitikisa kichwa. Zimeingia kwenye mfereji kama zimezaliwa humo. Nikazivuta kidogo zikae sawasawa. Zikarefuka. Nilipomaliza kuzungusha, kila mlango ulibakiza kipande cha shubiri nzima. Nikakata. Hawa watengenezaji wanafuja mali kweli! Vipande nikavitupa kwenye jiko la sauna.

Hilo la jiko lilikuwa kosa dogo.

Mama mkwe, Lempi, kaingia na taulo lake saa kumi na moja kamili. Katoka saa kumi na moja na dakika nne. Ana miaka sabini na tatu na hajawahi kutoka sauna kabla ya nusu saa. Macho mekundu. Kikohozi. Na nyuma ya mapaja, mistari miwili myeusi, imenyooka, sambamba. Benchi nilikuwa sijalifuta.

"Mwanangu," kaniambia taratibu, "nimekuja kuoga, au nimegongwa na gari?"

Britta kacheka mpaka kaketi kwenye theluji na taulo lake.

Acha acheke. Milango imeziba! Nimewasha feni ya kukaushia nywele kwa nje, ndani hata unyoya haukutikisika. Ushindi.

Jumapili, 10 Novemba

Baridi ya kupasua mawe. Nimetoka kuwasha gari la kwenda kanisani. Raba zimesinyaa.

Kila mlango una pengo la shubiri nzima, saizi ileile ya kipande nilichokata. Upande wa Tilda pengo liko juu ya sikio lake la kushoto, utadhani nilipima kwa rula. Joto hurefusha, baridi hufupisha. Hilo lilifundishwa darasa la sita. Nadhani siku hiyo nilikuwa na mafua.

Njia nzima upepo unapiga mluzi. Tilda kaupenda, kaimba nao. Arlo hakuimba. Mimi nimemziba mtoto sikio kwa kiganja maili kumi na moja, mkono umekufa ganzi, uso unatabasamu.

Baada ya ibada, kahawa na mkate wa iliki. Britta mbele ya wanawake wote: "Jamani, wifi yangu kafungua saluni. Anakanda mipira kwa mvuke!" Mama mkwe kanywa kahawa yake kasimama. Mistari haijatoka, na sketi ilikuwa nyeupe.

Jumatatu, 11 Novemba

Mkakati mpya: kuziba mapengo kwa vipande vya raba za zamani. Na gundi. Kopo linasema upake kiasi kidogo na usubiri. Nani aliwahi kumaliza tatizo kwa kiasi kidogo? Na mtoto yupi aliwahi kumpa mama yake nafasi ya kusubiri?

Upande wa dereva umekubali. Upande wa abiria nimeongeza tabaka la pili, kwa ajili ya lile sikio. Na la tatu, kwa ajili ya Britta. Mlango ukakataa kufunga. Umenenepa. Nikaupiga nyonga mara moja, mara mbili. Ya tatu ukafunga! Sauti nzito, ya kitajiri.

Arlo karudi kazini. Nikamwuliza juujuu tu raba mpya inataka nini. Kasema mlango uachwe umefungwa siku mbili, raba izoee umbo la fremu. Nikasema umeshafungwa. Kauliza gundi ilikauka kwanza? Nikamwambia chakula kinapoa.

Jumanne, 12 Novemba

Tilda ana homa. Sikio.

Gari sikuligusa. Siku nzima kwenye kiti cha kubembea, yeye kifuani, kashika ncha ya nywele zangu ndipo afumbe macho. Dawa kaikataa. Kalia, kanitemea, kaniita mbaya. Nimembana kwa upole, kameza yote. Kwenye dawa hakuna kura.

Arlo kaleta supu, kasimama mlangoni. Nimewaza labda ana haki. Labda gari sing'ang'anii, nang'ang'ania harufu, na mtoto hawezi kulipia harufu kwa sikio lake. Nikajiambia: likivuja kesho, nampa Britta ufunguo mwenyewe, bila maneno.

Saa kumi homa ikashuka. Kafumbua macho, kaomba maji, kisha kaomba kwenda kukaa kwenye gari la Babu. Babu ambaye alimwona akiwa na miezi mitatu tu!

Nimelia ndani ya taulo la vyombo. Kisha nimekagua gundi kupitia kioo. Inang'aa.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya hukumu. Baridi kali, jua la mapambo. Bomba la nje limeshafungwa kwa majira haya, kwa hiyo mpira wa maji umeungwa sauna. Britta kajitolea kuushika. Bila shaka! Kaja na buti mpya.

Arlo kataka mwamuzi asiye na upande akae ndani. Mama mkwe kajitokeza na koti lake la kijivu la sufu, tone moja tu huonekana kama wino. Mlango wa abiria ukakataa kufunguka. Nikasema hiyo ni dalili ya ubora. Akaingilia kwa dereva, akajikokota hadi upande wa pili, akaweka chupa ya kahawa mapajani.

Makubaliano: dakika kumi. Zilipoisha, Britta kasema, "Bado kidogo, kaka. Hapa juu sijapafikia." Dakika ishirini! Kapiga juu, pembeni, chini, kila ufa. Maji yanatiririka na kuganda yakitiririka. Mimi nauma glovu. Ndani mama mkwe anajimiminia kahawa.

Arlo kafunga maji. Kavuta mlango wa dereva. Kavuta tena. Kaweka mguu kwenye fremu, kavuta kama anang'oa kisiki. Fremu nzima imeganda, barafu unene wa kidole. Kazunguka upande wa abiria. Huko si barafu. Huko ni gundi yangu, na huko hata kiangazi hakitasaidia.

Kidirisha cha nyuma cha pikapu kikasogea. Mama mkwe kauliza nani amemfungia. Arlo kamwambia atulie, tutamvuta apite hapohapo.

"Mimi si barua," kasema. "Leteni moto."

Draya mbili, waya mrefu kutoka jikoni. Mimi na Britta bega kwa bega, tunaukausha mlango kama nywele za bibi harusi. Muda wa saa moja na robo. Waya ulipojikunja, Britta kanishikia. Arlo kapitisha pasti kwenye kidirisha. Kikarudisha sahani, na ombi la pasti ya pili.

Mlango ukaachia! Mama mkwe kateremka. Kapapasa koti. Kapapasa kiti. Kapeleka kiganja juu, penye lile pengo, kakitazama.

Kasema tangu aolewe hajawahi kukaa mahali pakavu namna ile, wala kimya namna ile, na hajui tumemtoa kwa nini. "Arlo, mwanangu, maji hayaingii. Gari ni la mtoto. Nimemaliza."

Britta kasema kweli, hayaingii maji wala watu. Mama mkwe kamwambia akavue buti, zimejaa maji.

Pikapu ni yetu! Nimekwenda nyuma ya bodi, nikalia. Machozi yameganda shavuni. Hata machozi yangu hayavuji.

Alhamisi, 14 Novemba

Arlo kaondoka kwenda msituni. Kaazima kigari cha Britta, kwa sababu mlango wa dereva umeganda tena na ule mwingine sasa ni ukuta.

Kabla hajaondoka kaniapisha: nisiguse raba yoyote ya pikapu mpaka theluji iyeyuke. Nimeapa, mkono juu. Mimi nikiapa nimeapa, mtoto anatazama. Nikamwambia wiki hii imenifunza mengi: subira, kiasi, kusoma maelekezo mpaka mwisho. Kanibusu kipaji cha uso, polepole, kama mtu anayeaga mgonjwa.

Tilda mzima leo. Kala uji wote.

Saa nne nimeona mlango wa friji haubani pale chini. Raba imelegea. Kiapo kilitaja pikapu tu. Nimeshaing'oa. Kona zake ngumu kidogo, kwa hiyo nimeiweka kwenye oveni, moto mdogo kabisa.

Harufu imeanza, lakini si mbaya.