Hofu Inakaa Miguuni

Jumatatu, 6 Juni 1966. Malaba.

Mkaguzi anakuja Jumamosi. Stesheni masta wetu, Mzee Okwara, ametangaza asubuhi huku akinyoa kidevu. Makarani wa majaribio tuko wawili, mimi na Oriokot. Nafasi ya kudumu ni moja. Mkaguzi atatutazama tukimpa dreva tokeni, kisha achague. Anayebaki nje atahamishwa.

Mimi siwezi kuhamishwa. Nilimwandikia mama tangu Aprili kwamba nimethibitishwa. Alitoa shukrani kanisani na akachinja kuku wawili.

Tokeni ni pete ya chuma, kubwa kama sinia, yenye kimfuko cha ngozi. Ndani ya kimfuko mna ruhusa ya kwenda Tororo. Gari la mizigo likipita bila kusimama, karani husimama ukingoni mwa jukwaa na kuinua pete, na dreva huinasa kwa mkono gari likiwa mwendoni. Kazi ya sekunde mbili. Oriokot huifanya akitafuna karanga.

Leo ilikuwa zamu yangu. Injini ikiwa bado kwenye kona, nilijikuta nyuma ya choo. Na pete nilikuwa nayo. Dreva, Mzee Kassim, alilazimika kusimamisha mabehewa thelathini, akashuka, akaja kuchukua ruhusa yake. Aliniuliza kwa upole kama ofisi siku hizi imehamia huku.

Jioni posta imeleta bahasha ya kozi yangu ya saikolojia, na ndani yake kijitabu cha nne. Nimesoma ukurasa wa kumi na moja mara tatu. Wataalamu wa zamani walisema watu tunakosea mpangilio. Hatukimbii kwa sababu tumeogopa. Tunaogopa kwa sababu tumekimbia. Mwili hutangulia, hisia hufuata.

Kumbe mimi si mwoga. Nina miguu mibaya tu.

Jumanne, 7 Juni.

Nimejifunga kwenye nguzo ya taa. Kamba ya katani, mafundo mawili, chini ya suruali ili isionekane.

Gari likaja. Miguu haikwenda popote. Naliandika hili kwa fahari. Kwa bahati mbaya sehemu nyingine za mwili hazikuwa zimesoma kijitabu. Kiuno kilikunjika, mikono ikaruka, na pete ikatua ndani ya beseni la mandazi la Mama Benedetta, anayetuuzia chai hapa jukwaani. Mzee Kassim akasimamisha gari tena. Alipewa ruhusa yake na andazi moja limekwama kwenye kimfuko. Alilila.

Mzee Okwara akaniita ofisini. Nilimjibu kwamba nakuja. Sikuja. Akaita tena. Mama Benedetta akataka kujua nimemwibia nani, maana kwao wezi wa kuku ndio hufungwa hivyo. Oriokot alikata kamba kwa kisu chake cha maembe, uso mkavu kabisa. Alingoja mpaka afike stoo ndipo acheke. Nilimsikia kupitia ukuta.

Matokeo: nusu ya nadharia imethibitishwa. Nusu ya chini.

Jumatano, 8 Juni.

Nimefikiri upya. Ikiwa hisia hufuata mwili, basi uso nao ni mwili. Mwenye kutabasamu atafurahi, apende asipende. Nimetabasamu tangu saa moja asubuhi.

Saa nne akaingia Bwana Abdallah, mfanyabiashara kutoka Busia, kuuliza magunia yake kumi na moja ya samaki wakavu. Yalikuwa yamevuka kwenda Tororo kwa makosa, yako kwenye jua siku ya tatu. Nikamweleza. Kwa tabasamu.

Aliniuliza nacheka nini. Nikasema sicheki, bwana. Akasema meno anayaona. Nikajaribu kuyafunika na midomo ikakataa, ilikuwa imekauka. Akamwita Mzee Okwara aje aone kijana wake anavyofurahia hasara za watu. Mzee Okwara akaniamuru niache. Nikaeleza kwamba nangoja furaha ifike. Akanigusa paji la uso kwa kiganja, akasema niende nikalale, labda ni malaria.

Furaha haikufika. Mashavu yanauma.

Alhamisi, 9 Juni.

Kumbe kijitabu cha tano kilikuwa ndani ya bahasha ile ile! Hiki ni cha kisasa na kinakisahihisha cha nne. Kule Marekani watu walidungwa dawa ya kuharakisha moyo bila kuambiwa inafanya nini. Mtu akaketishwa na mwenzake mchangamfu, akachangamka. Mwingine akaketishwa na mwenye hasira, akakasirika. Maana yake, moyo ukienda mbio hujui ni wa nini. Unatazama pembeni, unatafuta jina, unaupa.

Mpango una sehemu mbili. Kwanza, moyo wangu ukienda mbio nitauita furaha. Pili, Oriokot. Moyo wake hauendi mbio kamwe, na hapo ndipo ananishinda. Nitauharakisha kwa kahawa kali ya Mbale. Kisha nitasimama karibu yake nikitetemeka. Atatazama pembeni, ataniona, atasema: kumbe hii ni hofu.

Kutetemeka sitahitaji kuigiza.

Ijumaa, 10 Juni.

Kahawa nimeipata kwa mama mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo na mzigo kichwani. Imekaangwa mpaka imekuwa kama lami. Nimemkabidhi Mama Benedetta na kumwomba kesho amchemshie Oriokot peke yake, kama zawadi. Ameniuliza tangu lini nampenda Oriokot hivyo. Nimesema tangu zamani. Ameguna.

Oriokot leo alijitolea kunifundisha kushika pete. Niliona mtego, nikakataa.

Jumamosi, 11 Juni.

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Mama Benedetta ana birika moja tu. Hili nilipaswa kulijua, nakunywa kwake kila siku. Alitia kahawa yote humo, maziwa juu, sukari nusu kilo, akamimina vikombe kwa kila aliyekuwa jukwaani. Mzee Okwara viwili. Mkaguzi, bwana mnene mwenye miwani, vitatu, akisifu chai ya mpakani. Oriokot vinne. Mimi nilikunywa kimoja ili nisishukiwe.

Saa tano gari la kwanza. Oriokot akasimama na pete, jasho likimtoka, akisema leo kifua kinapiga kama ngoma ya harusi. Nikasogea karibu nikatetemeka. Akatazama pembeni kama kijitabu kinavyosema. Akaniona, magoti yakigongana, kofia ikicheza kichwani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, na Mzee Kassim akapita na mkono mtupu, akafunga breki mbele ya daraja, akapiga honi ya matusi. Mkaguzi akaandika kitu.

Nafasi ilikuwa yangu. Nilibaki na gari moja tu.

Lilikuja saa saba. Moyo ulikwenda mbio nikauambia: furaha, furaha. Injini ikatokea kwenye kona. Nikauona ukubwa wake. Nikakimbia.

Lakini choo kilikuwa nyuma ya Mkaguzi. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kufuata ukingo wa jukwaa kuelekea Tororo, na gari nalo lilikuwa linaelekea huko huko. Nilikimbia pete ikiwa juu kwa sababu nilisahau kuishusha. Injini ikanifikia, ikawa sambamba nami, na dreva akaichukua pete mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayepokea kikombe. Aliniaga kwa jina. Mimi niliendelea mpaka shamba la mihogo.

Niliporudi, Mkaguzi alikuwa amevua miwani, macho yamemtoka. Alisema amekagua stesheni miaka kumi na minne na hajaona karani anayekimbia sambamba na gari ili kumlinda dreva asiumie mkono. Alisema kifua kinampiga kwa jinsi alivyoguswa. Vikombe vitatu.

Nimethibitishwa.

Oriokot anahamia Bungoma. Nilikwenda kumpa pole. Akanishukuru. Kumbe mkewe yuko huko, na amekuwa akiomba uhamisho tangu Januari. Mimi sikuwahi kumuuliza. Mama Benedetta aliuliza kama na hiyo ni zawadi yangu.

Jumapili, 12 Juni.

Nimemwandikia mama barua nyingine, ya kweli safari hii. Kisha wakuu wa kozi, nikiwaarifu kwamba nadharia zote mbili zimethibitishwa Malaba na hofu yangu imekwisha kabisa.

Mzee Okwara amepita na agizo la Mkaguzi. Kwa kuwa Oriokot anaondoka na mimi ndiye mtaalamu, kuanzia leo magari yote ni yangu. Yasiyosimama ni sita kwa siku. Na Jumatano wanakuja makarani wanne kutoka stesheni nyingine kujifunza kukimbia.

Saa kumi jioni. Nimesikia king'ora cha gari upande wa Bungoma. Moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa, magoti yanagongana. Nimetazama pembeni, nimetafuta jina, nimelipata. Ni furaha.

Nimefunga mlango kwa komeo na haya nayaandika chini ya meza, ili niifurahie vizuri.