Nyama Nyekundu Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Bwana afya kapita buchani. Kasema nyama yangu imekuwa kahawia, hili ni onyo la mwisho, Ijumaa akiikuta hivi anafunga duka. Kisha kavuka barabara, kaingia bucha la shemeji, kaka wa mke wangu. Katoka anatabasamu. Mke wangu ananishauri ninunue nyama kidogo kidogo, niuze ingali mbichi. Ushauri gani huo? Nimeshanunua ng'ombe mzima!

Jumanne, 4 Machi
Muuza soda kaniazima mtungi wake wa gesi ya mapovu, niirudishie nyama wekundu. Nimefungia paja kwenye pipa la chuma, nikajaza gesi mpaka mshale wa presha ukagoma. Jioni nafungua: salaale! Kijivu tupu. Shemeji kachungulia, kauliza siku hizi nauza nyama au saruji. Nilitamani kumtia pipani.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe gesi ya soda inafukuza hewa, na nyama haiwi nyekundu bila hewa. Fundi wa kuchomelea vyuma kanipa mtungi wa oksijeni. Kaonya nisiuweke karibu na moto wala mafuta, na nisizidishe presha. Nimezidisha kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nyekundu! Nyekundu kupindukia! Mke wangu kanusa, kakunja uso. Kasema hewa iliyong'arisha nyama ndiyo iliyoharibu mafuta yake, yananuka kama ya kukaangia ya wiki jana. Nikamwambia bwana afya anakagua kwa macho. Hakucheka. Kauliza duka likifungwa watoto watakula nini. Nimeogopa, sifichi. Nimerudisha paja pipani liongeze wekundu.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu, bwana afya huyo. Vipande vya kabatini kavisifu rangi. Nyuma yake pipa linafoka, ssss! Kaandika. Kafunga daftari. Kageuka aondoke. Paa! Mfuniko umeruka, paja limetua mezani mbele yake. Kainama. Kanusa. Kanusa tena. Duka limefungwa. Shemeji kaja mbio, nikajua anakuja kunicheka. Wapi! Kamwambia dada yake wauze pamoja buchani kwake mpaka mambo yatulie. Hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu anauza kwa shemeji. Mimi nimewekwa uani kunyonyoa kuku wake wa kuuza. Nimeyatafakari yote, na nakiri nilipokosea: mfuniko ulikuwa mwepesi. Halafu kuku wa shemeji wamepauka mno, hawavutii. Fundi kasema mtungi mkubwa upo Jumatatu.