Katibu wa Anga ya Chini

Ndugu wananchi wa Kwale, ifahamike kwamba katika mwaka wa pili wa Uhuru wilaya yetu ilijipatia Idara ya Anga ya Chini. Mimi, Garama, ndiye niliyekuwa Katibu wake. Anga ya juu ilikuwa ya Nairobi. Ya chini, kuanzia ardhini mpaka vilele vya minazi, ilikuwa yangu.

Idara iliundwa kwa sababu ya kweleakwelea. Ndege hao walikuwa wakishuka makundi kwa makundi kwenye mpunga karibu na Msambweni, wakiwaachia akina mama makapi. Mwanatumu, mjane mwenye shamba katika bonde lile, alikuja ofisini kwangu.

"Bwana Katibu, tusipovuna mwaka huu wanangu watakula nini? Mihuri yenu?"

Nilimwahidi mtaalamu. Na Mungu si Athumani, kabla ya adhuhuri akaingia mtu wa Mwabungo aitwaye Chirau, akitafuta kazi ya ubawabu. Alikuwa askari wakati wa vita vya Wazungu. Nikamwuliza alifanya kazi gani huko.

"Nilikuwa Burma, bwana. Kwenye mizinga ya kutungulia ndege."

"Na ulitungua?"

"Moja tu. Ya Mjapani."

"Idara hii haibagui ndege kwa taifa," nikamwambia, nikamwajiri papo hapo. Nilisikia aliposema "ya" badala ya "wa", lakini serikali haimsahihishi mwananchi sarufi siku ya kwanza.

Alijaribu kunieleza. "Bwana, ile ilikuwa ya chuma."

"Basi hawa wa nyama watakuwa rahisi zaidi."

Hakubishana tena. Tangu atoke vitani alikuwa amechimba mawe, amekwea minazi ya watu, amelinda magodauni, na mahali popote alipotaja mzinga watu walicheka. Akachukua kazi.

Nakiri kwa niaba ya Idara kwamba alifanikiwa. Aliwapanga wale akina mama kama kikosi cha mzinga. Mmoja alikaa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, akitazama mbingu. Akipiga ukelele, wengine wote walipiga madebe na kuvurumisha madongo kwa makombeo kwa pamoja. Kweleakwelea wakahamia kwingine, nje ya mipaka yangu.

Siku moja Mwanatumu alimwambia, "Kaka Chirau, mbona unatufundisha kurusha pembeni? Tuwapige wafe."

Chirau akaliweka kombeo chini. "Ile niliyoitungua, dada, wenzangu walishangilia. Mimi nilimwona rubani akiporomoka, miguu ikipigapiga hewani kama mtoto anayejifunza kuogelea. Tuwafukuze tu. Watakwenda."

Tangu siku hiyo Mwanatumu alimletea uji kila asubuhi. Maoni yale hayakuwa ya kiserikali, kwa hiyo sikuyapeleka mbele.

Habari za ushindi wangu zikamfikia Naibu Waziri mmoja, naye akaahidi kuja kuona. Nikatoa agizo kuu. Na ili kusiwe na utata, niliandika kwamba ndege yeyote asiruhusiwe, na ndege yoyote isiruhusiwe, kutua bondeni wala kwenye uwanja wa nyasi ulio jirani. Sarufi ilikuwa kamili.

Siku ikafika. Tulikuwa tumepanga mstari, tukitazama barabara ya Likoni, mara kukasikika mngurumo upande wa bahari. Yule mama wa dunguni akapiga ukelele.

Chirau akanijia mbio. "Bwana Katibu, niwaambie waache! Ile ni ndege kweli. Ina watu ndani."

"Iko juu ya minazi au chini?"

"Inashuka, bwana. Sasa iko chini."

"Basi ni yetu."

Madebe yakalia. Madongo yakaruka. Chirau alikimbia mbele yao, mikono juu, akipiga kelele, "Acheni! Acheni, dada zangu!" lakini katika mshindo ule nani angemsikia? Dongo moja likapiga kioo. Ndege ikayumba, moyo wangu nao ukayumba, kisha ikainua pua na kurudi Mombasa.

Mheshimiwa alifika alasiri kwa gari, amepitia feri, suti imejaa vumbi.

"Nani aliyenifukuza?" akauliza.

Nikamwonyesha Chirau, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu. Chirau akainamisha kichwa. Alikuwa amezoea.

Mwanatumu akatoka mstarini. "Shikamoo, Mheshimiwa. Huyu alitukataza, akakimbia mbele ya madongo mpaka akapigwa bega. Bwana Katibu ndiye aliyesema ukishuka chini ya minazi, wewe ni wake."

Mheshimiwa akamsogelea Chirau. "Wewe uliwahi kutungua ndege?"

"Moja, bwana. Sikutaka ya pili."

Kwa mara ya kwanza mtu mkubwa hakumcheka. Alimpa mkono, akamtaka awe mlinzi wa uwanja ule wa nyasi, awe na kibanda na bendera ya kuwaashiria marubani watue salama. Kisha akanigeukia, akasema kwa upole kwamba mtu apendaye anga ya chini kiasi hiki hafai kukalishwa ofisini.

Ndiyo maana nawatangazia kutoka juu ya dungu. Kuna upepo mzuri, na mamlaka yangu nayaona yote bila darubini.

"Wee Garama!" Mwanatumu ananiita kutoka chini. "Wanashuka hao! Hotuba utamalizia mpunga ukishaingia ghalani!"

Samahani, wananchi. Napiga debe.